Bi. Marjorie Sugden Aliyewatetea Wadeni wa Denmark

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi. Marjorie Sugden anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Lugha, makumbusho ya Kiingereza hapa York, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kushika nafasi ya mpokea makoti aliyekwenda kujifungua. Mwenye nafasi hakurudi, na Marjorie hakuondoka.

Makoti yalimchosha upesi. Akaanza kuwafuata wageni vyumbani, akiwasimulia jinsi Kiingereza kilivyotwangwa na kila aliyeshuka pwani, na kila mara kikainuka na maneno mapya mdomoni. Ng'ombe akiwa zizini, husema, anaitwa cow, kwa jina la Wasaksoni waliomchunga. Akishapakuliwa, anaitwa beef, kwa jina la Wanormani wa Ufaransa waliomla.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka wa ukarabati. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Clifford Haigh, alitaka ukumbi mkubwa uitwe "Kiingereza Halisi": Wasaksoni, Waingereza wa kwanza, wabaki; Wadeni, wale wa Denmark waliowahi kuitawala York, na Wanormani wapelekwe stoo. Marjorie alikuwa na mkataba wa kuombwa upya kila mwaka, na mume mgonjwa nyumbani. Hata hivyo alisimama kikaoni.

"Bwana mwenyekiti, ukiwafukuza Wadeni wataondoka na kisu chako, na yai lako la asubuhi, na dirisha, na hiyo sheria unayotutungia. Hata neno tunalomwitia dada ni lao."

"Sasa tuwaambie nini watoto wa shule, Bi. Sugden? Kwamba babu zetu walipigwa kila vita?"

"Walipigwa, ndiyo. Lakini leo hapa York nani anaongea Kideni?"

Bi. Edna, dada yake mwenyekiti na mjumbe mwenzake, aliweka kikombe chini. "Clifford, mimi stoo siendi," akasema. Kura yake ndiyo iliyoamua.

Bwana Haigh alinuna msimu mzima. Kisha siku moja ya mvua alionekana nyuma ya kundi la wageni, kofia mkononi, akisikiliza. Walipotawanyika akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hata jina la kijiji alikozaliwa lina mkono wa Wadeni.

"Si linaishia na -by, yaani kijiji kwa Kideni?" Marjorie akamjibu. "Basi hao ni wao watupu. Karibu nyumbani."

Bwana Haigh alicheka mpaka akatafuta kiti.

Marjorie ametufunza kazi sote tunaotembeza wageni, nami nikiwamo, na keki yake ya tangawizi imeokoa vikao vingi vilivyokuwa vinaelekea ugomvi. Simu ya ofisi haikuwahi kumtii, wala yeye hakuibembeleza.

Sasa anahamia Whitby, karibu na binti yake. Kuanzia Jumatatu, atakayewapokea wageni kwenye ukumbi wa Wadeni ni Bwana Haigh. Aliomba mwenyewe.

Asante, Marjorie. Tunakuombea afya njema, upepo mwanana wa baharini, na majirani wenye muda wa kukusikiliza.