Mama Esteria, Aliyengoja Watoto Wajibu

Marehemu Mama Esteria alizaliwa mwaka 1908 karibu na Igwachanya, mtoto wa tatu wa mkulima Lukas. Siku haikuandikwa, mama yake alikumbuka tu kwamba ulezi ulikuwa unavunwa. Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akisaga ulezi huku akimuuliza mjukuu habari zote za siku: nani kapita, kabeba nini, mbona anachechemea. Esteria alikua akidhani kila mtu mzima hufanya hivyo.

Alisoma shule ya misheni miaka mitatu, 1921 hadi 1924, akabatizwa hukohuko. Mwalimu Yonathani alimlalamikia baba yake: "Lukas, binti yako kaniuliza maswali saba na jua bado halijapanda."

"Nyumbani ni zaidi, mwalimu," mzee akajibu. "Vumilia."

Tarehe 14 Julai 1926 alifunga ndoa na Hezekia, seremala wa Njombe. Walijaliwa watoto wawili, Yoramu na Fidelia. Hezekia alikuwa mtu wa maneno machache, na alipenda kusema kwamba hakuzaliwa mkimya, ila alikosa nafasi.

Mwaka 1942 marehemu alipata kazi katika shamba moja la pareto nje ya Njombe, kuangalia watoto wa akina mama waliochuma maua. Hapo watu wakaanza kumtilia shaka. Vichanga alivisalimia kwa Kibena, "Kamwene", kama anavyosalimiwa mtu mzima, kisha akanyamaza akingoja jibu. Wachumaji walicheka hadi vikapu vikawaponyoka. Walisema baridi imemwingia kichwani.

Mei mwaka huo aliletwa Idda, binti wa Nahumu, mwenye miaka mitatu, ambaye alikuwa hajawahi kutamka neno. Tangu azaliwe alishinda mgongoni mwa dada yake, na dada mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka saba, mwenye njaa na usingizi, asiye na la kumwambia. Nahumu alishakata shauri: "Huyu bubu. Shule watakwenda wenzake."

Esteria aliumia sana. "Baba Idda, masikio anayo," alimwambia. "Nani amewahi kumuuliza kitu?"

Kuanzia hapo Idda alinyweshwa uji kwanza, akaketishwa juani, akaulizwa. Ua hili la rangi gani? Mama yako yuko mstari upi? Mtu akitaka kumjibia, Esteria alimzuia: "Subiri. Anatafuta neno." Miezi mitano ikapita bila neno, na hata Hezekia akamshauri mkewe apumzishe ulimi.

Asubuhi moja ya Oktoba Esteria alinyoosha mkono kuchukua bakuli, kumbe uji ulikuwa haujaisha. Idda akalivutia kifuani, akasema wazi kabisa: "Subiri!"

Esteria alicheka, akalia, akampa na uji wake mwenyewe. Nahumu alipoitwa kusikia, alisimama pale asijue la kusema, na Esteria akamngojea na yeye. Mwaka 1948 Nahumu mwenyewe alimshika Idda mkono hadi darasa la kwanza.

Mwaka 1953 familia ilihamia Makambako, Hezekia akatengeneza milango na vitanda karibu na njia panda hadi alipofariki mwaka 1957. Mama aliendelea kukaa na watoto wa akina mama wa sokoni. Walimu walisema watoto waliopita kwake walijulikana mara moja: walijibu hata wasichoulizwa.

Tarehe 3 Machi 1960 alipatwa na kiharusi. Alitibiwa Njombe akarudi nyumbani, lakini sauti haikurudi. Idda, ambaye sasa ni mwalimu hapa Makambako, alikuja kila jioni, akasema "Kamwene", akaketi kungoja. Wageni walipoanza kumsemea Mama, au kulia, aliwainulia mkono: "Subirini. Anatafuta neno." Ijumaa ya mwisho midomo ilisogea na mkono wake ukaushika wa Idda. Aliaga dunia asubuhi iliyofuata, Jumamosi tarehe 18 Juni 1960.

Ameacha watoto wawili, Yoramu na Fidelia, wajukuu sita, mdogo wake Ema, pamoja na Idda, ambaye familia inamhesabu kuwa binti, na Mzee Nahumu, aliyeomba leo abebe msalaba yeye.

Kamwene, Mama Esteria. Pumzika kwa amani. Hakuna atakayekujibia, tunasubiri.