Kilo Mia za Kurudisha Palepale

Mbele yangu kwenye basi, dobi mmoja wa makamo, furushi la mashuka ya wateja miguuni, alikuwa akizikodolea macho sugu za viganja vya binti aliyeketi naye.

"Nanyanyua vyuma, mama," binti akasema. "Jana nimefikisha kilo mia."

"Mia! Ukazipeleka wapi?"

"Nikazirudisha palepale. Ila zikishatoka chini, dunia yote inanyamaza."

Dobi akageukia dirisha, sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi kila ninachonyanyua kuna mtu anakisubiri."

Tulipofika kituoni kwake akaliinua furushi hadi kifuani, akafumba macho, kisha akalirudisha palepale, taratibu.

"Mama, unashuka au hushuki?" akafoka kondakta, mtu ambaye nadhani haoti hata usingizini.

"Na wewe subiri," akajibiwa, macho bado yamefumbwa.