Penalti Aliyoiacha Chrispine

Benchi letu liko nje ya duka la dawa za mifugo hapa Kosele, na Jumapili hiyo hakuna aliyekaa akatulia. Jana yake tulikuwa tumepoteza fainali. Dakika ya mwisho tulipewa penalti, Chrispine akauweka mpira, akainua macho, halafu badala ya kupiga akakimbia nyuma ya goli. Mwenzake Levis alipiga kwa niaba yake. Mpira ulipaa ukaangukia mahindi ya watu. Eucabeth, mama wa kahawa, alitumiminia vikombe bila hata kutusalimia.

— Mechi iliuzwa, akasema Refa, ambaye hajawahi kushika filimbi maishani.

— Wacha hizo, Refa, akasema Sammy wa boda. Auze mechi na ndiye ametufungia mabao kumi na moja? Alirogwa. Kuna mtu alizika kitu kwa lango.

— Ulimwona?

— Nilisikia.

Ondieki mwenye duka, tunayemwita Profesa, akacheka.

— Yawa, hamjui kitu! Kuna timu Tanzania inamtaka. Alikuwa analinda mguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa kuinama kumeingia wapi?

— Si aliinama akiweka mpira?

— Mimi naona ni kwa sababu ya huyu Gisiri, akasema Refa kwa sauti ya chini.

Gisiri alikuwa kipa wetu. Alitoka Kehancha miaka minane iliyopita, na tangu siku hiyo yeye na Chrispine wamekaa nyumba moja, wakila sahani moja. Januari aliambiwa ana saratani ya ini. Mwezi wa tano madaktari wakasema arudi tu nyumbani. Lakini kila mechi Chrispine alimleta kwa pikipiki, amemfunga kwa leso mgongoni mwake asianguke, akamkalisha kwa kiti cha plastiki nyuma ya goli. Hata jana.

— Gisiri mwenyewe angemwambia apige, akasema Profesa. Kipa hapendi kuhurumiwa.

— Ni kweli, ameniambia hivyo.

Tuligeuka. Alikuwa Chrispine, macho mekundu, chupa ya chai mkononi.

— Ako aje? nikauliza.

— Ako hai. Amenikasirikia sana. Ati fainali haiachwi. Akanyoosha chupa. Eucabeth, nijazie. Watu wa kwao Gisiri wamefika kutoka Kehancha.

Eucabeth akajaza, akakataa pesa.

— Nyinyi mlikuwa mmesimama karibu naye, Chrispine akatuambia, bila hasira yoyote. Mimi nilipoinua macho niliona kiti kiko tupu, yeye yuko chini. Nesi anataka kujua alilala hapo muda gani. Alianguka saa ngapi?

Refa alimwangalia Sammy. Sammy alimwangalia Profesa. Sote tulikuwa tumeukodolea mpira macho; hakuna aliyemwona Gisiri akianguka. Chrispine alisimama pale, akingoja mmoja wetu aseme.