Ramani ya Chaki na Banda la Matofali

Mgeni rasmi, Mkuu wa Mipango wa kanda yetu, ambaye huku tumekuzoea kwa jina la Mama Chaki: karibu sana, na pole kwa kuvulishwa viatu mlangoni. Ila utaratibu huo uliuanzisha mwenyewe ili ramani ya sakafuni isifutike, usitulaumu!

TULIKOTOKA
Kabla hujaja, mama, sisi na maofisa misitu tulikuwa paka na panya. Wao wakipanda miti, mbuzi wetu wanakula. Sisi tukipanda mahindi, nyani wao wanavuna. Ukatukutanisha humu ukumbini, wakulima, wafugaji, wafyatua matofali na maofisa hao, ukachora eneo zima kwa chaki hapa sakafuni. Mfugaji mmoja akakwambia, "Mama, barabara yako umeipitisha juu ya chemchemi." Wakubwa wengine wangenuna. Wewe ulipiga magoti, ukafuta kwa kiganja, ukasema, "Haya, nielekezeni." Siku ile tulikupenda, na leo tunalisema waziwazi.

TUNAYOJIVUNIA
Chemchemi inatoa maji hata kiangazi. Wanyama wa msituni wana njia yao, ng'ombe wana yao. Na yule ofisa misitu aliyekuwa akitukimbiza, sasa ni mkwe wetu!

TULIPOTELEZA
Jamani, tuliwakumbuka nyani, miti, mpaka nyuki, tukamsahau mjamzito. Zahanati hatukuichora! Tulishtuka pale mke wa fundi matofali, akiwahi hospitali ya mbali, alipojifungulia bandani kwa mumewe, katikati ya matofali mabichi. Mimi ninayesoma risala hii ndimi mkunga niliyempokea mtoto. Wote wazima, hiyo mnayoisikia huko nyuma ni sauti ya mtoto.

OMBI LETU
Leo unaugonga mpango huu muhuri, na ukishagongwa haubadiliki mpaka mtoto huyo aote ndevu. Fundi amekubali kuhamisha banda lake, apishe zahanati. Watu wa misitu nao wameridhia, mradi tusisogelee chemchemi, na hatutaisogelea. Umebaki wewe.

Mahali penyewe usihangaike kupatafuta, mama. Kiti chako tumekiweka juu yake makusudi, hapa kwenye ramani. Tunakuomba uinuke kidogo. Chaki anayo fundi.

Mungu akupe afya, na azidi kuibariki mikono yako isiyoogopa vumbi.

Ni sisi wanao,
Wakazi wa Bondeni, tuliosimama peku mbele yako.