Kidonge Kimoja Kimoja

Benchi langu lina mguu mmoja mfupi, ndiyo maana anayekaa pembeni hukaa kwa adabu. Pale pembeni ni pa Sindano, fundi cherehani, mwembamba kama jina lake. Leo pako wazi, na cherehani yake ng'ambo ya barabara bado imefunikwa. Mwezi uliopita daktari alimwambia damu yake imejaa mafuta mabaya, lehemu, akampa vidonge vya kila siku. Waliopo ni Tairi, mziba pancha mwenye tumbo la watu wawili, na Wakili, muuza viatu ambaye hajawahi kumshinda hata mkewe kwa hoja. Mimi, bibi mwenye benchi, namimina kahawa.

— Atakuwa kachelewa tu, alisema Tairi.

— Sindano huwa hachelewi, Wakili akajibu.

— Halafu mtu mkavu vile, mafuta kayatoa wapi? Si ningeyapata mimi?

— Ni yale ya cherehani. Yanapenya vidoleni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye si anashona nguo?

— Toka hapa! Shida ni bomba. Mwembamba ana mishipa myembamba, inaziba upesi. Yangu mipana, lori linapita.

— Sasa kidonge chake juzi ulimezea nini?

Tairi akatazama ndani ya kikombe.

— Kujikinga. Na wewe je?

— Moyo ulinienda mbio. Nikamwomba kimoja. Kesho yake kingine. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani? nikamuuliza. Chako kinajaa, chake kinakauka.

— Bibi, alitoa mwenyewe! Kila asubuhi anapitisha kichupa kama sukari. Anasema haumwi popote.

— Daktari alimwambia mafuta hayo hayaumi mpaka yazibe. Nyinyi mkasikia "hayaumi", mkaziba masikio.

— Lakini kahawa ya moto inayayeyusha, Bibi, akabisha Wakili. Sufuria lenye mafuta huoshwa na nini?

— Basi jimwagie kifuani.

Mke wa Sindano alikuwa anavuka barabara, miguuni viatu vya mumewe, mkononi kichupa.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kuna nini?

— Kifua kimembana akivaa shati. Yuko hospitali, jasho linamtiririka, kusema hawezi. Daktari anauliza kama dawa alikuwa anakunywa kila siku. Nikasema ndiyo, maana kila asubuhi anatoka na kichupa kuja hapa, akirudi kimepungua.

Akakitikisa. Hakikulia.

— Nyinyi ndio mlikuwa naye, shemeji zangu. Alikuwa anakunywa?

Wakili akamtazama Tairi. Tairi alikuwa ameshika kifua chake mwenyewe.

— Mjibuni, nikasema. Daktari anangoja.