Bi Taratibu, Aliyejua Kusubiri Maneno

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bi Taratibu anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi wenzake wa chumba cha huduma kwa wateja. Lilianza kama utani, akalipenda, likamkaa.

Aliajiriwa kupokea simu, enzi hizo kampuni yetu ya vifaa vya wagonjwa ikiwa na vyumba viwili na birika moja. Mazungumzo ya mtandaoni yalipoanza, sisi tulivamia skrini kama kuku waliomwagiwa mtama. Yeye alikaa kiti cha dirishani, shali mabegani, akivitazama vile vinukta vitatu vinavyocheza mtu anapoandika. Alivitazama kama atazamavyo mtu mvua inayonyesha ng'ambo ya bonde: haina haja ya kuitwa, itafika.

Wateja wake hasa walikuwa wale waliojifunza Kiswahili ukubwani. Mmoja aliandika, "Kitanda yangu anakataa kupanda." Tulicheka mbavu zikauma. Bi Taratibu akajibu, "Pole sana. Kitanda chako kinakataa tangu lini?" Hakumkosoa mtu ngeli hata siku moja. Aliliweka neno sahihi ndani ya jibu, mgeni akaliokota mwenyewe.

Mwingine alilalamika kwamba fundi hakutokea saa tatu. Kumbe fundi alibisha hodi asubuhi hadi vidole vikamuuma. Saa tatu ya mteja, kwa hesabu ya Kizungu, ilikuwa saa tisa yetu ya alasiri. Tangu hapo, kabla ya kupanga miadi, Bi Taratibu aliuliza kwanza: "Saa hiyo, jua litakuwa wapi?" Yalikuja majibu kama ya ndotoni: "Jua nyuma ya tangi ya maji." "Jua bado na usingizi."

Lakini ipo alasiri moja ambayo hakuna kati yetu atakayeisahau. Mvua ilikuwa ikinyesha na umeme umekatika mitaa kadhaa. Mzee mmoja mgeni, aliyekuwa akimuuguza mkewe nyumbani, aliandika: "Mashine analala. Mke analala. Mimi naogopa."

Ilikuwa mashine ya oksijeni. Bi Taratibu alimwashiria msimamizi aite gari la wagonjwa, kisha akaanza kuandika, sentensi moja moja. "Tuko pamoja. Unaona mtungi mrefu kando ya mashine?" Vinukta vikacheza, vikazimika, vikacheza tena. Tulisimama nyuma ya kiti chake, roho mkononi. "Naona." Akamwelekeza kuhamishia mpira wa kupumulia kwenye mtungi, kisha afungue koki kwa kuizungusha kushoto.

"Kushoto ni nini?"

Mmoja wetu alijishika kichwa. Bi Taratibu alivuta pumzi, akaandika: "Upande wa moyo wako. Zungusha kuelekea moyoni."

Mvua tu ikigonga kioo. Halafu: "Mtungi anapumua."

Gari lilipokwisha kufika, mzee aliandika tena: "Mke amefungua macho. Anauliza kwa nini mimi nalia." Bi Taratibu akamjibu neno moja, "Mwambie," akaenda msalani kulia machozi yake, akarudi kumhudumia mteja aliyefuata.

Leo kila mfanyakazi mpya hufundishwa njia yake: sentensi fupi, swali moja, usiukimbie ukimya.

Sasa anahamia nchi ya mbali, kwa binti yake aliyeolewa huko. Wajukuu hawajui Kiswahili, naye lugha yao ndiyo kwanza anaianza. Wiki iliyopita tulimkuta akimwandikia mjukuu mdogo, akifuta, akiandika upya, uso umemwiva kwa haya kama mwari. Alipotuma, mtoto alijibu kwa kicheko kirefu. Bi Taratibu naye akacheka, akajaribu tena.

Asante, dada yetu, kwa kila uliyemngoja. Uzee wako uwe na raha na usingizi mtamu. Na huko uendako, maneno yakikukwama kooni, Mungu akukutanishe na mtu asiye na haraka.