Mkimbiaji wa Mzee Anton

Kijiwe chetu cha Gongoni ni benchi moja lililoegemea tofali, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Mwaka huo sukari tulikuwa tunaisikia redioni tu. Saidi karudi kutoka Maskati na televisheni, ya kwanza kuonwa na macho yetu, pamoja na mashine ya mchezo wa mbio za mita mia. Kwenye kioo wanakimbia watu wawili: mmoja wako, mwingine anaendeshwa na mashine yenyewe. Wa kwako unambonyezea vitufe viwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Vidole vikichelewa, miguu yake nayo inachelewa. Saidi akatangaza kwamba atakayeishinda mashine atapata kilo mbili za sukari, na kila mtu anacheza mara moja tu. Siku moja kacheza Mzee Anton, ambaye Jumapili inayofuata mjukuu wake anabatizwa na wageni wa chai keshawaalika. Kesho yake kaja kijiweni amefura.

— Nimedhulumiwa! Mtu wangu, yule mwekundu, kafika wa kwanza, na Saidi kaninyima sukari!

— Anza mwanzo, Mzee, akasema Mabruki, fundi cherehani. Bastola ya kuanzisha mbio ilipolia ulifanyaje?

— Nikabonyeza taratibu. Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Msafara hauanzwi kwa pupa.

— Mita mia, Mzee! Ni hapa na pale!

— Safari ni safari. Kufika katikati nikatoa vidole kabisa, mtu wangu apumue.

— Akapumua?

— Wapi! Kichwa ngumu yule. Mimi nampumzisha, yeye anatimua vumbi. Ila kanitoa kimasomaso.

Abasi, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, akaweka kikombe chini.

— Kisheria sukari ni yako. Mtu kajituma bila kusimamiwa! Si ndiyo siasa tunayohubiriwa kila siku?

— Mimi nasema ni moto wa mashine, akasema Mabruki. Cherehani yangu nikiikanyaga sana, nikitoa mguu gurudumu linaendelea lenyewe.

— Lakini Mzee kabonyeza taratibu, nikasema. Moto umetoka wapi?

— Wewe mimina kahawa.

— Hamjui kitu nyie, akasema Abasi. Ule uwanja upo kweli, kulekule Maskati. Wale ni watu, wana wake na watoto. Vitufe ni simu ya kuwaagiza tu. Huyu mwekundu kasikia mwenye kumwagiza ni mzee, kaingiwa na huruma.

— Basi na sukari ni yake yule, akadakia Mabruki, Saidi kaikalia!

Wakakubaliana kumshtaki Saidi kwa balozi wa nyumba kumi. Bahati nzuri balozi mwenyewe, Mama Leonia, akawa anapita na kapu lake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Keti, balozi, hapa pana dhuluma.

Abasi akaieleza kesi amesimama, mkono kiunoni. Nami nilikuwa upande wa Mzee, sifichi; ile chai ya ubatizo nilialikwa. Mama Leonia akasikiliza mpaka mwisho.

— Na yule mwingine alikuwaje?

Mzee Anton akacheka mpaka kofia ikamtoka.

— Yule wa bluu? Mzigo mtupu, balozi! Kaanza kwa kusuasua, kufika katikati kasimama tuli. Nikamwambia Saidi, mashine yako imeajiri mvivu.

— Alisimama wakati gani?

— Si palepale nilipotoa vidole...

Mkono ulioiokota kofia ukabaki hewani.

— Mzee Anton, akasema Mama Leonia kwa upole, wa kwako alikuwa yupi?

Abasi akakaa. Mabruki akakumbuka kuna suruali ya mtu haijapindwa. Mzee Anton aliviangalia vidole vyake, akamwangalia balozi, akaviangalia tena. Nilimwonea huruma kwelikweli.

— Balozi, akasema mwishowe, wewe hujacheza bado, sivyo?